Jani Mdomoni mwa Simbamarara

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ingawa kabla ya siku yenyewe huwa inatangulia sauti yake: nyundo ikigonga msumari kwenye ukuta wa saruji, mara tatu kwa nguvu, kisha kimya, kisha mara moja tena, polepole, kama mtu anayebisha hodi katika nyumba asiyo na hakika nayo. Ilikuwa Jumamosi, yapata saa nne asubuhi, nyumbani kwetu juu ya Marangu. Nilikuwa nimetoa meza nje, kwenye nafasi iliyobaki kati ya migomba na ukuta wa jiko, nikisahihisha sura ya tatu ya tasnifu yangu. Tulikuwa wawili tu pale nyumbani, mimi na Baba, na Baba alikuwa na miaka themanini na mmoja. Hapakuwa na kazi yoyote ya nyundo ndani ya nyumba ile. Niliinuka nikakimbia.

Nataka ujue nilikimbilia nini, maana kosa langu lote liko hapo, na yaliyofuata ni mwendelezo wake tu. Sebuleni nilimkuta Baba amesimama juu ya stuli ya jikoni, ile yenye mguu mmoja mfupi. Nyundo ilikuwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa umeinua juu mchoro wangu wa simbamarara, karatasi ndefu ya wino mweusi iliyogundishwa kwenye kitambaa na kutiwa fito mbili, moja juu na moja chini, naye alikuwa akijaribu kuutundika. Stuli ilikuwa ikicheza. Nami niliuchukua mchoro kwanza. Nilikagua pembe zake, nikaukunja kuanzia chini kama nilivyofundishwa, nikaulaza mezani juu ya kitambaa kikavu, ndipo nikarudi kumpa Baba mkono ashuke.

"Karatasi haijaumia?" aliniuliza alipokanyaga sakafu.

"Haijaumia, Baba."

"Haya. Na mimi sijaumia."

Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayekamilisha orodha. Nilicheka. Leo sicheki.

Sina mvi za kutosha kukuita mwanangu. Nina miaka arobaini na mmoja, na chuo bado kinaniandikia barua kikiniita mwanafunzi wa uzamivu. Lakini kuna mambo yanayoweza kumzeesha mtu ndani ya wiki tatu, nami nimeona afadhali nikalie kiti cha wazee mapema, niyaseme yangali mabichi, kuliko kungoja umri ambao nitakuwa nimekwisha kuyapamba. Wewe unayejiandaa kwenda kusoma mbali, na kurudi na maneno ambayo wa nyumbani hawanayo, ndiye ninayekuandikia.

Tasnifu yangu inahusu simbamarara katika michoro ya wino ya Kichina. Najua inavyosikika. Kule Njoro, nilikopanga chumba kabla ya kuhamia kwa Baba, mama mwenye nyumba alipoambiwa aliuliza, "Na kazi ya hiyo inapatikana wapi, mama? Hapahapa Moshi?" Nilianza Kichina Dar es Salaam, nikaenda kusomea shahada ya pili katika mji mmoja wa kusini mwa China, na huko nikampata mwalimu wa brashi, Mwalimu Shen, bibi mfupi mwenye vidole vilivyopinda, aliyenipokea darasani kwake kwa sababu, alisema, hajawahi kumwona mtu anayeishika brashi kana kwamba anasonga chakula. Kwake nilijifunza kwamba katika sanaa ile mnyama huyu hachorwi kwa ajili ya unyama wake tu. Mistari ya paji lake husomwa kama herufi ya neno mfalme. Hubandikwa milangoni ili mabaya yasiingie. Katika baadhi ya lahaja za huko jina lake linakaribiana kwa sauti na neno baraka. Wachoraji wengi wa zamani hawakuwahi kumwona kwa macho. Walimtazama paka wa nyumbani, wakaongeza hofu. Na ilikuwapo kanuni moja ambayo sura yangu yote ya tatu iliiegemea: simbamarara anayepanda mlima ameshiba, hana neno na mtu, anayeshuka ana njaa, anakuja kudhuru, na watu waangalifu hawamtundiki ndani akiwatazama wanaoishi humo.

Mchoro wangu nilipewa na Mwalimu Shen siku tuliyoagana. Mnyama ameinamisha kichwa, kiuno kimepanda juu kuliko mabega, mguu mmoja umetangulia. Mbele yake kuna mianzi michache, na jani moja refu limepita sawasawa juu ya mdomo wake. Nyuma yake ni weupe mtupu. Jioni ileile niliuandikia neno moja daftarini: anayeshuka.

Sasa nikuambie habari za Ombeni, kwa sababu bila yeye utadhani nazungumzia picha.

Ombeni ni mdogo wangu, kitinda mimba, na kwa desturi ya huku kwetu kitinda mimba wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya baba na kihamba kinachoizunguka, migomba na kahawa yake. Alikuwa mwongoza watalii. Miaka tisa iliyopita alikuwa mlimani, siku ya tatu na wageni wake, Mama alipoanguka jikoni. Baba alimtuma mpagazi mmoja ampandishie habari. Mama alifariki, tukamzika kihambani, na Ombeni akatokea siku moja baada ya mazishi, viatu vyake bado vina vumbi la kule juu. Mbele ya ukoo wote Baba alisema kwamba mtoto anayeambiwa mama yake anakufa, naye akaendelea kuwapandisha wageni, huyo hana nyumba hapa. Ombeni alisema, "Sikuambiwa, Baba." Baba akasema, "Uliambiwa." Basi, hayo ndiyo maneno yao ya mwisho. Aliondoka mchana uleule, akahamia Tarakea kwa wakwe zake, akawa mfanyabiashara wa maharage mpakani.

Mimi nilikuwa nimekaa kati yao, kwenye benchi. Sikusema neno, kwa sababu sikuwa na ushahidi wa upande wowote. Kwa miaka mingi nilijivunia hilo. Nilibaki na namba ya Ombeni, tukawa tunatumiana salamu za Krismasi, mistari miwili mitatu, na sikumwambia Baba, wala Baba hakuniuliza.

Nisichokijua Jumamosi ile ya nyundo, ambacho wewe nakuambia sasa, ni hiki: mwezi mmoja nyuma, baada ya ibada, yule mpagazi, naye sasa amezeeka, alimfuata Baba nyuma ya kanisa akakiri kwamba hakufika. Mvua ilimrudisha njiani, akaona haya, akashuka na kusema ujumbe ameufikisha. Kwa hiyo Baba alikuwa ameishi mwezi mzima akijua kwamba mwanawe alisema kweli, na kwamba yeye ndiye aliyemfukuza mtu asiye na kosa siku moja baada ya kuzikwa mama yake.

Na kama kwenu si huku, ujue pia habari ya sale. Ni mmea wa majani marefu yaliyochongoka, tunaoupanda mipakani mwa vihamba. Mtu aliyekosa huchukua jani lake, hulifunga fundo, hulipeleka kwa aliyemkosea, mara nyingi kwa mkono wa mtu wa kati; na aliyeletewa sale hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Jirani humpelekea jirani, mdogo humpelekea mkubwa. Baba kumpelekea mwanawe sijapata kusikia, na nadhani Baba naye hakupata.

Basi siku ile, tukiwa bado tumesimama pale sebuleni, aliniomba nimfungulie mchoro. Niliukunjua mezani.

"Nataka akae pale," alisema, akionyesha ukuta unaotazamana na mlango, ambako msumari ulikuwa tayari. "Mtu akiingia amwone huyu kwanza, kabla hajaniona mimi."

"Huyu hatundikwi sebuleni, Baba."

"Kwani anauma?"

"Anashuka mlima. Anayeshuka ana njaa."

"Sasa chui wa karatasi atamla nani humu? Mimi nimekauka, na wewe una maneno mengi, utamkwama kooni."

"Si chui, Baba. Chui ana madoa. Huyu ni simbamarara."

"Simba?"

"Simbamarara."

"Amueni basi. Mnyama mkubwa hivi mnampa jina la kuazima." Alivaa miwani, akaegemea meza kwa mikono miwili, akamtazama kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akitazama kitu chochote kilichochorwa. Kisha kidole chake kikasimama juu ya karatasi, bila kuigusa. "Na hapa amebeba sale."

"Ni mwanzi. Jani la mwanzi."

"Mama, mimi nimepanda sale tangu sijaoa. Hili ni sale. Tazama alivyolishika mdomoni, na kichwa amekiangusha. Wewe mwenyewe ulisema kwao huyu ni mfalme. Mfalme, na amekuja na sale. Kwa hiyo hata mkubwa kabisa, akiona kwamba..."

Hapo, mwanangu, nilimkatiza. Sikumkatiza kwa ukali. Nilimkatiza kwa upole wa mwalimu, ambao nadhani ni mbaya zaidi.

"Hajalishika, Baba. Jani limepita mbele yake tu. Katika michoro hii kilicho karibu huchorwa juu ya kilicho mbali, ndiyo maana linaonekana kama liko mdomoni. Na kichwa kimeinama kwa sababu anateremka. Haombi msamaha. Anawinda."

Baba alivua miwani.

"Haombi," alisema.

"Haombi."

"Wewe ndiye uliyesoma." Akaanza kuikunja karatasi mwenyewe, kutoka chini, kama alivyoniona nikifanya. "Mrudishe chumbani kwako."

Nilimrudisha. Nilirudi mezani kwangu chini ya migomba, nikaongeza tanbihi katika sura ya tatu: kwamba mtazamaji asiye wa utamaduni husika huweza kuuona mwanzi kama mmea wa kwao wenye maana ya kijamii. Niliiona tanbihi nzuri. Nilimwita Baba mtazamaji.

Siku nne baadaye tulikuwa tunakunywa chai, Baba akaniuliza kama barabara ya Tarakea siku hizi ni lami mpaka mwisho. Nikamwambia ndiyo, kutoka Himo unapandisha Marangu Mtoni, unashika ya Rombo kupitia Mkuu, lami tupu. Kutoka hapa kwetu ni mwendo wa saa moja na nusu, au mbili gari likisimamasimama.

"Mtu wa umri wangu anaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo?"

"Mgongo wako, Baba. Daktari alikukataza kukaa garini muda mrefu."

"Ni kweli. Alinikataza."

Akamalizia chai yake. Nilikuwa nimejibu maswali mawili, yote kwa usahihi.

Kesho yake nilimkuta ameketi chini kwenye kahawa, mgongo kwenye shina, mdomo umevutwa upande mmoja. Kilikuwa kiharusi. Majirani walisaidia kumbeba mpaka barabarani, tukamfikisha hospitali mjini Moshi, na huko tukaambiwa kwamba mkono wa kulia na usemi vimekwenda, na kwamba tungoje. Macho yake yalikuwa yamebaki. Nasema hivyo kwa sababu yalikuwa yakinifuata kila nilipohama upande wa kitanda.

Siku ya pili alikuja Shangazi Ndeshi, dada yake Baba, mwenye miaka sabini na minane, anayetembea na fimbo asiyoiegemea. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanishika kiwiko akanitoa hadi kwenye baraza.

"Alikwambia?" aliuliza.

"Aliniambia nini, Shangazi?"

Ndipo nikasikia yote: mpagazi nyuma ya kanisa, mvua, ujumbe usiofika. "Akaja kwangu," alisema Shangazi. "Akakaa jikoni kwangu hata pombe yangu ya mbege hakuigusa. Akaniuliza, hivi baba anaweza kupeleka sale kwa mwanawe? Nikamwambia, kaka, sijaona. Lakini hata mlima kupungukiwa na theluji hatukuwahi kuona, na sasa tunaona. Nikamwambia tafuta mtu wa kati. Akasema anaye, binti yake. Akasema, huyo ana mnyama wake wa Kichina, nitaanzia kwa huyo mnyama, maana nikitaka kulisema lenyewe mdomo unakataa."

"Nilimwambia ni mwanzi," nilisema.

"Nini?"

"Alipoonyesha sale kwenye mchoro. Nilimwambia si sale, ni mwanzi."

Shangazi alinitazama. Nilidhani atakasirika, na ingekuwa nafuu.

"Mwanangu," alisema, "kwani alikuwa anakuuliza jina la mti?"

Shangazi alirekebisha khanga begani akasema, "Mpigie mdogo wako. Leo." Nikasema nitampigia.

Sikumpigia.

Ningependa kukuambia kwamba niliogopa, maana hofu watu huielewa. Nilikuwa natafuta hakika. Nilijiuliza nina nini mkononi: sentensi moja isiyomalizika, maswali mawili kuhusu barabara, na maneno ya Shangazi, ambayo ni ya kusimuliwa. Nikimwambia Ombeni kwamba Baba anaomba msamaha, nitakuwa nimemtia maneno mdomoni mtu asiyeweza kuyakanusha. Niliandika ujumbe wa simu, nikaufuta. Nikaandika mwingine wenye neno "huenda", nikaufuta pia, kwa sababu niliona "huenda" ni tusi kwa mtu aliyengoja miaka tisa. Nikaona dawa ni kumuuliza mwenyewe. Nilimwinamia Baba kitandani nikasema, "Baba, nimwite Ombeni?" Akafumba macho, akayafumbua. Mtu mwingine angetoka pale mbio akitafuta mtandao. Mimi nilikaa nikiwaza kama kufumba ni ndiyo, au ni uchovu, au ni mwanga wa dirishani, na jioni yake nikaandika daftarini, chini ya tarehe: haieleweki.

Siku ya sita ya kulazwa kwake nilipanda nyumbani kuchukua nguo. Nikaukunjua ule mchoro kitandani kwangu, sijui kwa nini. Nikautazama kama mtu asiyeujua. Na nikaona jambo ambalo kwa miaka yote sikuwa nimeliona: hakuna mlima. Hakuna mwamba, hakuna mteremko, hakuna hata mstari mmoja wa ardhi chini ya nyayo zake. Ni mnyama na mianzi na weupe. Nikakumbuka jinsi Mwalimu Shen alivyokuwa akinicheka darasani mwanzoni, kwamba kila ninachochora, nyumba, kuku, meza, kimeinamia upande. "Kwenu hakuna tambarare?" aliniuliza. Hapakuwa. Nimezaliwa kwenye mteremko; kwetu mtu akisimama amesimama ama akitazama juu ama akitazama chini. Nilipomwona simbamarara ameinama, mlima niliuweka mimi. Bila mlima ni mnyama mkubwa aliyeinamisha kichwa mbele ya mtu anayemtazama, na alichoinamia sikijui. Mwalimu Shen sikumuuliza kamwe. Niliona aibu kuuliza nisichokijua, na sasa hayupo wa kuulizwa.

Kwamba sura ya tatu ilikuwa imeanguka, hilo halikunitetemesha. Kilichonitetemesha, na bado kinanitetemesha ninapoandika, ni kwamba nilimwambia baba yangu "haombi" kwa sauti ya mtu anayejua.

Na hata hapo, mwanangu, badala ya kupiga simu nilirudi hospitali na vitabu viwili, nikakaa kando ya kitanda nikitafuta kama kuna mtaalamu aliyewahi kuandika juu ya simbamarara asiye na mlima. Siku sita nyingine zilipita hivyo. Nilikuwa nikimlisha uji kwa kijiko, nikimfuta kidevu, nikirudi kwenye ukurasa. Macho yake yalikuwa yakinifuata. Siku mbili za mwisho yaliacha.

Alifariki Jumanne, saa moja na nusu asubuhi, jua likiwa limeshaingia wodini. Niliambiwa nikiwa kwenye ngazi, nimebeba chupa ya uji.

Nikupe basi nilichonacho. Mzee wa nyumbani kwenu akikosea jina la kitu ulichokisomea, ngoja. Mwache amalize sentensi, hata ikichukua asubuhi nzima. Watu wetu wakiwa na neno zito hawalileti wazi mkononi. Hulipitisha nyuma ya ng'ombe, nyuma ya barabara, nyuma ya picha uliyotoka nayo ugenini, na ukianza kuwasahihisha kuhusu ng'ombe, watalibeba neno lao warudi nalo. Usahihi sijaukana, umenifundisha mengi mema, na ndio unaonizuia hata sasa nisikuandikie hadithi nzuri kuliko ilivyokuwa. Lakini ujumbe wa mtu si tasnifu. Ukiwa nao, upeleke na shaka zako zote, useme wapi una hakika na wapi huna, ila upeleke yule mtu angali anaweza kuitikia. Na usijivunie kukaa katikati ya ndugu zako wawili wasiosemezana. Wakati wote niliojiona sina upande, nilikuwa upande wa kimya.

Nakuombea kwa Mungu uende salama na urudi salama. Akupe elimu usiyoitumia kumnyamazisha mtu. Na siku utakayorudi, akujalie uwakute wako wote hai, wamekaa jikoni, wakikosea majina ya vitu.

Kuhusu simu. Asubuhi ileile ndugu walianza kufika hospitali, na baba mdogo akasema Ombeni atapewa taarifa na ukoo, kwa utaratibu. Nikamwomba aniachie mimi. Alinitazama, akaniachia. Nilitoka kwenye baraza saa tatu kasoro.

"Dada," Ombeni alipokea. "Leo si Krismasi."

"Baba amefariki."

Nyuma yake kulikuwa na watu wakipakia magunia, wakiitana. Nikasikia mlango ukifungwa, sauti zao zikafifia.

"Lini?"

"Leo asubuhi. Alipata kiharusi siku kumi na mbili zilizopita."

"Siku kumi na mbili."

"Ndiyo."

"Na namba yangu ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo."

Sikujitetea. Nikamwambia habari ya mpagazi, kwa ufupi, kama nilivyoambiwa. Nikamwambia Baba alijua. Kisha nikasema, "Alitaka umsamehe. Aliomba."

"Alimwomba nani? Mimi sikuombwa."

"Aliniambia mimi nikuletee."

"Kwa mdomo wake?"

Mwanangu, maneno yote aliyosema Baba Jumamosi ile nimeyaandika hapo juu, na unaweza kurudi ukahesabu: neno samahani halimo, wala jina la Ombeni. Nimefunzwa miaka mingi kutomhesabia mtu asichokitamka. Nilisimama pale barazani, simu imebanwa sikioni, nikijua kwamba hilo ndilo swali pekee ambalo nimewahi kuulizwa lililokuwa na haja ya jibu langu.

"Kwa mdomo wake," nilisema. "Mimi ndiye niliyemkatiza."

Niliitoa simu sikioni kutazama kama haijakatika.

"Mnamzika wapi?" aliuliza.

"Kihambani. Kando ya Mama."

"Wameshaanza kuchimba?"

"Bado."

"Waambie wanisubiri," alisema Ombeni. "Nakuja na jembe langu."